Nesi na Wi-Fi Iliyogoma

Jumatano nilikuwa kwenye stesheneri mjini Same. Binti kutoka Bombo alitaka kuthibitisha nafasi yake ya chuo, na ilikuwa siku ya mwisho. Kompyuta ikagoma kushika Wi-Fi. Binti akaanza kulia.

Mama mmoja, nesi mstaafu, akainua simu yake. "Mbona yangu inashika Wi-Fi hiyohiyo? Hiyo kompyuta imeanza kugoma lini?"

"Leo asubuhi, mama, ilipomaliza kujisasisha," akajibu mwenye duka.

"Basi iondolee ilichopewa asubuhi."

Mwenye duka akarudisha programu ya Wi-Fi ya zamani, akaizima kompyuta na kuiwasha. Ikashika!

Binti akathibitisha, akapiga simu nyumbani: "Baba, naenda chuo!"

Duka zima tukashangilia, hata mimi niliyekuwa najiandaa kuilaumu milima kwa kuzuia mtandao.