Siku Kumi na Moja za Mama Vifungo

Mama Vifungo hakugonga gari la mtu. Liligongwa lake, tena limeegeshwa, mwenyewe yumo dukani anashona sare za shule. Aliyeligonga alikiri palepale, na kampuni yake ya bima ikakubali kutengeneza mlango. Ungedhani yameisha. Thubutu! Leo leta picha, kesho picha hazionekani vizuri, keshokutwa mkaguzi hayupo, amefiwa. Njoo kesho, njoo kesho, mpaka mama wa watu akahesabu siku kumi na moja cherehani imefunikwa kitambaa, na wateja wawili wamehamia kwa fundi mwingine.

Wifi yake ndiye aliyemtia maneno. "Mlango wametengeneza, sawa. Na siku zako je? Dai, wifi! Hizo nazo si wamezigonga?"

Akadai. Karani wa madai, mtu wa makamo mwenye miwani iliyoteremka puani, akataka barua ya mwajiri kuthibitisha kwamba siku hizo hakuwa kazini.

"Kaka yangu, mimi sina mwajiri. Duka ni langu."

"Basi aandike mwenye duka, mama. Bila barua faili halisogei."

Haya. Jioni ile, kwenye meza ya kukatia vitambaa, Mama Vifungo akajiandikia barua. Sasa mwanamke yule kwa kazi ni mkali, waulize mafundi waliowahi kukaa naye. Kalamu ilipomkaa mkononi, ubosi ukampanda kichwani. Akaandika kwamba mfanyakazi huyu hakuonekana siku kumi na moja, wala hakuomba ruhusa, na kazi za watu zimelala. Akapiga muhuri wa duka, akatia sahihi, akaona amemaliza.

Asubuhi karani aliisoma mara mbili.

"Mama, hapa umetoroka kazini. Kampuni haiwezi kumlipa fidia mtoro."

"Mtoro wa nani? Bosi si mimi?"

"Ndiyo. Na bosi anasema hukuaga."

"Nirudishie basi, nirekebishe."

"Nimeshaigonga muhuri wa kupokelewa, haitoki kwenye faili. Andika nyingine, uilete kesho."

Kesho! Mama Vifungo alichoka, akachoka mpaka hata kukasirika kukamshinda, maana hasira nayo inataka nguvu. Shule zinafunguliwa Jumatatu na sare arobaini hazijatiwa hata mikono. Hela yenyewe hakuwa akiililia sana. Alitaka mtu mmoja tu mle ofisini akubali kwamba siku zake nazo ni mali, na kwamba zimepotezwa.

"Kesho siji," akasema. "Bosi amekataa. Nipe fomu ya kufuta madai."

Karani akacheka mpaka akavua miwani kuifuta. Alipoivaa tena, mama wa watu alikuwa analia, huku akitia sahihi kwamba haidai kampuni chochote.