Gharama ya Kunguru wa Bluu

Nilipostaafu ukunga, kila mtu alijua kiinua mgongo changu kitafanya nini kabla mimi mwenyewe sijajua. Dada yangu alikuwa ameshakijengea vyumba vya kupangisha. Majirani walikuwa wameshakinunulia bodaboda mbili. Mimi nikanunua mashine ya kuchomelea vyuma, grinda ya kukatia, na ile kofia ya fundi yenye kioo cheusi inayofunika uso mzima, nikavipakia kwenye bajaji na kurudi navyo Temeke nikicheka peke yangu. Dereva akawa ananitazama kwenye kioo.

"Bibi, hii mashine ya mjukuu nini?"

"Yangu."

"Duh! Unachomelea mageti?"

"Nachomelea ndege," nikamjibu, na raha ikanipanda mpaka masikioni.

Ugonjwa huu niliuokota Manzese. Nilikwenda kwa fundi mmoja kufuata nondo za madirisha, hazikuwa tayari, kama ilivyo ada ya mafundi, basi nikakaa kwenye benchi lake kuzingoja. Juu ya geti alilokuwa anamalizia alikuwa ameweka jogoo wa spana kuukuu na minyororo ya baiskeli. Sikuweza kuondoa macho. Nikamwomba na mimi nijaribu. Miaka yangu yote wodini nilishona watu, na mkono wangu hautetemeki. Mshono wangu wa kwanza wa chuma ulikuwa na sura mbaya sana, lakini ulishika, nikapiga kigelegele katikati ya wanaume wenye magwanda. Tangu siku hiyo nikawa nakwenda kujifunza, mpaka nikaona sasa nahitaji karakana yangu.

Watu wakiniuliza karakana imenigharimu nini, wanataka kusikia shilingi. Shilingi ndiyo sehemu nyepesi, maana zikiisha unajua zimeisha. Hawaulizi habari za umeme. Nikigusisha chuma tu, taa za jirani wa ukutani zinakonyeza, na yeye anapaza sauti: "Mama, tamthilia jamani!" Tukapatana kwamba saa ya tamthilia napiga msasa tu. Hawaulizi habari za macho. Siku niliyojiona bingwa nikachomelea bila kofia, nililala na vipande vya viazi vibichi juu ya kope, mimi niliyekuwa nikiwafokea wagonjwa kwa dawa za aina hiyo hiyo. Wala hawaulizi habari za salamu. Mtu anaingia uani, anaona gwanda na kofia, anasema kwa nguvu, "Oya fundi, mambo vipi? Jiko langu limekatika mguu." Nainua kofia.

"Mungu wangu! Shikamoo, mama!"

Kumbe nilimzalisha mama yake. Baada ya hapo nani ataanza kupatana bei? Jiko linapata mguu bure, na mwenye jiko anaondoka huku akiomba radhi mpaka barabarani.

Lakini gharama yenyewe ilikuwa imesimama uani muda wote, juu ya mawe manne.

Lilikuwa gari la mume wangu. Giaboksi ilikufa zamani, matairi yakaondoka moja baada ya jingine, gari likabaki pale, la bluu, linang'aa. Ndiyo, linang'aa. Kila Jumamosi asubuhi mzee wangu alitoka na ndoo, sabuni na kitambaa laini, akaliosha kuanzia paa kwenda chini, akalikausha, akalifunga kwa ufunguo, kisha akavuta kitasa kuhakikisha. Sijui alimwogopa mwizi gani wa gari lisilo na tairi. Wanunuzi wa vyuma chakavu walipochungulia getini na mikokoteni yao, jibu lake kwao lilikuwa lile lile.

"Haliuzwi. Nasubiri spea."

Uani hapakuwa na nafasi nyingine ya karakana. Mchana mmoja nikampikia samaki wa nazi, nikampakulia na wali, nikamwambia ninachotaka. Nilikuwa nimejipangia maneno ya ugomvi, na mengine ya akiba. Akatafuna, akameza, akanitazama.

"Mama watoto, we lichukue tu."

Basi. Akanawa mikono, akatoka uani, akalizunguka gari, akafungua milango yote na kuutia ufunguo kwenye mfuko wa shati.

"Huu nabaki nao," akasema.

Nilifurahi kama mwali. Nililikata mwenyewe kwa grinda, cheche zinaruka hadi kwenye kamba ya nguo, na mimi ndani ya kofia naimba nyimbo za harusi. Haukupita muda, bati likapanda, meza ikasimama, nikawa mwenye karakana.

Jumamosi ikafika. Nikamwona mzee wangu anatoka na ndoo. Nadhani miguu ilimleta yenyewe. Akafika pale lilipokuwa gari, akaikuta meza yangu, akasimama huku maji yakimwagikia ndara zake. Kisha akageuka akaenda kuosha geti. Jumamosi iliyofuata aliosha pipa la maji. Baada ya hapo akawa anakaa barazani tangu asubuhi, mikono juu ya magoti, na uani hakukanyaga tena. Tulikula pamoja, tulizungumza habari za watoto, alinicheka nilipoungua kidole. Lakini uani hakuja. Nikaogopa. Sijawahi kuogopa hivyo hata wodini. Mimi nilikuwa nimepata kazi mpya ya kunifurahisha uzeeni, na yeye alikuwa amebaki bila ile moja aliyokuwa nayo, na nilimpenda kuliko mashine yoyote.

Vipande vya gari nilikuwa nimevipanga ukutani, sikuwa na moyo wa kuviuza. Nikaamua nimtengenezee korongo, ndege mwenye heshima zake. Boneti ikawa mabawa, bampa likawa mkia, ekzosi ikawa shingo. Mlango wa dereva niliupunguza ukawa kifua, kitasa na tundu la ufunguo vikabaki palepale. Jicho nikaweka taa ya indiketa. Nilipomaliza, nikarudi nyuma hatua chache kumtazama, nikacheka hadi nikakaa chini. Shingo nilikuwa nimeikata fupi mno, mdomo ukatoka mnene, kifua kimetangulia mbele kama mwenye nyumba anayedai kodi. Kunguru mtupu! Kunguru wa bluu, mrefu kunizidi mimi.

Jirani akachungulia juu ya ukuta. "Mama, hawa sie tunawafukuza kutwa, na wewe unatuongezea?"

Nikamsimamisha kunguru wangu katikati ya uani, nikangoja.

Jumamosi nilikuwa mezani nachomelea, nikasikia maji yanamwagika. Sikuivua kofia, nikachungulia chini yake. Mzee wangu alikuwa pale na ndoo. Alianzia kichwani, kama alivyokuwa akianzia paani. Akapitisha sabuni chini ya mabawa, akasugua jicho, akamkausha kwa kile kitambaa laini bila haraka yoyote. Kisha akaingiza mkono mfukoni mwa shati, akatoa ufunguo, akautia kifuani mwa kunguru, akazungusha. Ukalia ka! Akavuta kitasa kuhakikisha. Mimi huku nacheka, machozi yananitoka, kioo cha kofia kimejaa ukungu, sioni hata ninachokichomelea.

Ndipo akaingia bwana mmoja aliyevaa vizuri, akasema ana hoteli, amesikia kuna fundi wa ndege wa vyuma. Akamzunguka kunguru, akaguna, akatikisa kichwa kwa furaha. Akanigeukia mimi mwenye kofia na kutaja bei ambayo ingerudisha mashine, grinda na bati, na chenji ikabaki.

"Vipi, fundi, tunaelewana?"

Nikainua kofia. Bwana akashtuka. "Oh! Shikamoo, mama."

"Marahaba," nikasema, na kabla sijafungua mdomo tena, mzee wangu akakamua kitambaa, akakitundika juu ya bawa.

"Hauzwi huyo," akamwambia. "Nasubiri spea."