Nguo ya Bunduki

Nilipoolewa Bwera, mwishoni mwa miaka ya sitini, nilimkuta mke mwenzangu ndani: bunduki ya kuwindia. Mume wangu aliinunua ikiwa imezeeka, siku alipotoka jeshini. Kwa bunduki hiyo tulikula nyama, na majirani walivuna mahindi yao, maana nguruwe mwitu walikuwa wakipanda kutoka mbugani kana kwamba mashamba ni ya baba yao.

Kila alipoifyatua, akirudi alichemsha maji na kuyamimina mtutuni mpaka chuma kitoe mvuke. Kisha alipitisha kamba yenye kitambaa, mara tatu, mara nne, mpaka kitambaa kitoke cheupe. Mwisho tone la mafuta ya cherehani. Mafuta yalikuwa yangu, kwani nilikuwa fundi wa nguo, lakini kopo nililisukuma kwa mbali kama anayemlisha mbwa mkali. Kwao mume wangu, silaha ya kuwindia ikiguswa na mwanamke inakosa shabaha.

Jambo hilo liliniuma. Kwa kuwa sikuruhusiwa kuigusa, niliishonea nguo. Jirani yangu, mama mmoja wa kutoka Butembo aliyeuza chumvi ya Katwe, alinipa gunia jeupe la kitambaa kizito. Nililikung'uta vizuri, nikashona mfuko mrefu, nikaufunga kwa kifungo cha shati la zamani la jeshi la mume wangu. Mume wangu aliugeuza huku na huku, na usiku huo bunduki ililala imevaa. Nilifurahi wiki nzima.

Halafu kutu ikaingia. Mwanzo ilikuwa madoa madogo, kama ya chai. Alisugua, akapaka mafuta, akairudisha mfukoni. Asubuhi madoa yakawa mengi zaidi. Na zilibaki siku tatu tu aipeleke polisi Kasese, ambako bunduki zilikaguliwa kabla ya kibali kuongezwa mwaka. Yenye kutu haikurudi nyumbani. Mume wangu aliacha kula vizuri. Mwishowe akaniuliza, bila kunitazama, kama nimeigusa.

Nilikasirika hata nikavunja sindano ya cherehani. Nikaenda kumlalamikia jirani, naye akaja kujionea, mume wangu akiwa ameenda kuoga. Bunduki hakuitazama. Alitazama mfuko.

"Mama, huu mufuko si ile gunia yangu? Ulifua?"

Nifue nini, na gunia lilikuwa jeupe vile? Nililikung'uta, nikamwambia. Alishika mlango kwa kicheko.

"Lamba," akasema.

Nikalamba pindo. Chumvi tupu. Sikuamini, nikalamba na upande wa kifungo, na hapo ndipo mume wangu alipoingia na taulo yake, akamkuta mkewe ametoa ulimi juu ya nguo ya bunduki na jirani ameketi sakafuni akifuta machozi. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, nami nguo yenyewe niliipiga mshono mara mbili.

Nilimweleza yote kwa pumzi moja, nikingoja mdomo wake wa kambini. Akauchukua mfuko, akaulamba na yeye. Kisha akacheka, kicheko cha tumboni ambacho sikuwa nimekisikia tangu kutu ianze. Alipomaliza akaikumbuka safari ya Kasese.

"Mikono miwili haitoshi," akasema. "Leta yako."

"Na shabaha?"

"Shabaha ni kazi yangu. Kutu ni yetu wawili."

Siku mbili tulisugua. Majivu laini na mafuta ya taa, maji ya moto, kitambaa juu ya kitambaa. Nilikatakata gauni langu moja kuukuu. Vidole vyangu vilikuwa vyembamba, vikafika pembe ambazo vyake havikufika. Aliniamrisha kama kuruta, nami nikamwitikia "Ndiyo, afande" kwa dharau tamu, na nikajua kwamba mafuta mengi ni uvivu: tone moja, kisha ufute mpaka chuma king'ae. Sijui kama nimewahi kufurahia kazi vile.

Kasese tulikwenda kwa lori. Nilisimama ukutani, mwanamke peke yangu, wanaume wakiwa kwenye mstari na bunduki zao. Mkaguzi alifungua chemba, akauinua mtutu kuelekea mwangani, akachungulia kwa muda mrefu.

"Safi," akasema. "Nani nasafisha hii?"

Mume wangu angeweza kujitaja na kuishia hapo. Alinionyesha kwa kidevu.

"Bibi yangu."

Wanaume wakacheka. Yeye hakucheka. Mkaguzi akatazama vidole vyangu vilivyokuwa bado vyekundu kwa kutu, akapiga muhuri.

Tuliposhuka Bwera, mume wangu aliivua bunduki begani akanipa niibebe mpaka nyumbani. Tulipita kwa jirani polepole, kwa makusudi. Ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani.