Kamba ya Baba Mkwe

Mama alifia kwetu Matiri, milimani nilikoolewa, kwenye baridi ambayo hakuipenda hata siku moja. Nilimleta mwenyewe kutoka Kihagara, kando ya ziwa, alipoanza kuishiwa nguvu, na tangu afike hakuchoka kuniambia kwamba akifa arudishwe ziwani, azikwe kando ya baba. Nikamwambia, utarudi, mama. Mtu akimwahidi mzazi mgonjwa hafikirii barabara.

Mume wangu alikuwa na gari fupi la turubai na tela. Ilikuwa miaka ile biashara ya kahawa ilipofunguliwa kwa watu binafsi, ushirika ukabaki na maghala matupu, na kila mwenye magurudumu akajiita mnunuzi. Tela alilinunua kwa wageni waliokuwa wakijenga barabara, walipofunga kambi yao. Lilikuwa na breki za umeme. Chini ya dashibodi alifunga kisanduku chenye kitufe cha kuzungusha na kiwiko kidogo cha kusukuma kwa mkono, cha kuwasha breki za tela peke yake. Dereva akikanyaga breki, kisanduku kinapeleka umeme kwenye sumaku zilizomo ndani ya magurudumu ya tela, nazo zinayakamata. Kitufe unakizungusha kufuata uzito wa mzigo. Ukikipandisha tela likiwa tupu, magurudumu yanaganda na tela linaserereka. Ukikishusha likiwa limejaa, linalisukuma gari kama ng'ombe mkaidi.

Majirani walimcheka sana. "Kijiji kizima hakina taa, wewe umeme umepeleka kwenye tela," walimwambia. Aliwaacha wacheke. Walipokuwa na magunia ya kupeleka Mbinga walikuja kwake hao hao.

Mimi nilikuwa fundi wake msaidizi, ingawa hakuna aliyeniita hivyo. Kabla ya kila mteremko mkubwa alisimama, akazima injini na kusukuma kile kiwiko, nami nikatega sikio kwenye gurudumu la tela. Sumaku zikiwa hai hutoa mvumo mdogo, kama nyuki aliyefungiwa mtungini. Nikiusikia nainua mkono, tunaondoka.

Mama alipofariki, baba mkwe hakutaka tumsafirishe. Wazee wale wawili, wote waliofiwa na wenzi wao, walikuwa wameota jua pamoja uani kila asubuhi, kila mmoja kwenye kigoda chake, wakibishana kama ugali wa maana ni wa muhogo au wa mahindi. "Azikwe hapa," alimwambia mume wangu. "Ametuzoea." Mume wangu akamjibu kwa upole kwamba ahadi ni deni. Mzee akaleta kamba ya katani ya kufungia magunia ya kahawa, akalifunga jeneza kwenye tela yeye mwenyewe, wala hakutaka msaada. Aliipitisha kamba chini ya tela, akairudisha juu, akaivuta kwa mguu mpaka mbao zikalia.

"Asitikisike," alisema.

Nilimwangalia kwa hasira. Niliona amemnyima mama ruhusa, sasa anajifanya kumtunza.

Waombolezaji walipanda wakaketi kulizunguka jeneza, kwa maana maiti haiachwi peke yake, wala haisafiri kimya. Waliimba toka Matiri mpaka ukingoni mwa milima, pale barabara inapoanza kushuka kuelekea ziwani. Hapo mume wangu akasimama, akazima injini na kusukuma kiwiko. Niliinama kwenye gurudumu, nikasikia nyimbo tu.

"Naomba mnyamaze kidogo," aliwaambia. "Hatusikii breki."

Wakanyamaza. Tangu mama akate roho hapakuwa na ukimya nyumbani kwetu. Kulikuwa na vilio, nyimbo, rozari na watu wa kupikiwa. Sasa nilikuwa nimeegemeza sikio kwenye chuma, na juu ya kichwa changu, ubao mmoja tu katikati yetu, alikuwa amelala mama. Nilisubiri ule mvumo. Haukuja. Nikaanza kulia pale chini, na wote wakadhani nalilia breki.

Mume wangu alifungua plagi inayounganisha gari na tela. Pini zilikuwa zimeshika kutu ya kijani, akazikwangua kwa kisu. Akasukuma tena kiwiko, kimya. Akakwangua na mahali waya wa ethi, ule wa kurudishia umeme, ulipofungwa kwenye chasisi. Kimya. Gurudumu la pili nalo kimya. Akafuta mikono kwenye suruali bila kunitazama.

"Siwezi kushuka hivi na watu hawa," alisema. "Tela litatusukuma korongoni."

Shemeji yangu mmoja ndiye aliyelitamka lile nililokuwa naliogopa, kwamba turudi, kaburi lichimbwe Matiri, Mungu ni mmoja. Wote wakamgeukia baba mkwe. Yeye ndiye aliyekuwa mkubwa. Akisema turudi tunarudi, na mama anazikwa katikati ya mibuni. Mimi sikuwa na mdomo. Kwa desturi ya nyumba ile mkamwana hambishii baba mkwe, haketi naye jamvi moja, wala hampi kitu mkononi. Unakiweka chini, naye anakiokota.

Mzee alishuka telani polepole, akapiga magoti mavumbini na kuchungulia pale kamba yake ilipopita. Kisha akamwita mwanawe.

Kamba ilikuwa imeubana waya wa breki kwenye chuma, na kadiri tela lilivyotikisika njiani iliendelea kuuvuta mpaka ukachomoka kwenye kiungo chake.

"Ni kamba yangu," alisema baba mkwe. "Nimemkaza mno."

Hakuna mwingine aliyekuwa ameuona. Hili nimelifikiria miaka mingi. Angenyamaza tu, mama angebaki Matiri.

Aliifungua mwenyewe, fundo kwa fundo. Mume wangu akaunga waya, akauzungushia kipande cha mpira wa tairi. Akasukuma kiwiko, nami nikasikiliza gurudumu moja, kisha la pili. Nyuki wale walikuwepo. Nikainua mkono. Akapandisha kitufe kufuata uzito wa watu, akatembeza gari pole kwenye tambarare na kusukuma kiwiko bila kukanyaga breki, tela likalizuia gari barabara.

Kupitisha tena kamba chini hakuna aliyethubutu. Ikabidi jeneza lishikwe kwa mikono, mtoto wa marehemu upande mmoja na mkubwa wa safari upande wa pili. Hivyo mimi na baba mkwe tukaketi tukitazamana, mama katikati. Kwenye kona ya kwanza jeneza lilisogea, tukalikamata juu ya kifuniko, na mkono wake ukaangukia juu ya wangu. Sikuuondoa wa kwangu. Naye hakuuondoa wake, kona hiyo wala zilizofuata, mpaka chini. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuwa na mkono wa kuyafutia. Watu waliendelea kuimba, wakitazama barabara.

Tulimzika Kihagara jua likiwa bado liko juu ya maji. Baba mkwe aliwasalimu ndugu zangu, akawakabidhi mtu wao, akaenda kuketi mbali nami. Kuanzia siku hiyo nilimwekea chakula chini, naye akakiokota, kama zamani.

Tela tuliliuza bei ya kahawa ilipoporomoka, na gari likalifuata. Nauli ya kushuka ziwani naipata kwa nadra, na miguu yangu sasa haiutaki mlima. Nilitimiza ahadi, na kwa kuitimiza nikampeleka mama mahali nisipofika. Siku ya marehemu wote nafagia kaburi la baba mkwe, liko hapa nyuma ya nyumba. La mama wanalifagia wajukuu wa ndugu zangu, ambao hawakuwahi kumwona.