Mtungi Ndani ya Gunia

Mtaa mzima ulimwita Mama Mkaa, na jina hilo lilimkaa kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Biashara ya mkaa ilimsomeshea watoto, ikamjengea vyumba viwili, ikampa na mdomo mrefu. Mtu akithubutu kuisifu gesi mbele ya kibanda chake, alijibiwa papo hapo: "Nenda kaungue nayo! Maharage ya gesi hayana ladha, na mtungi ukilipuka usije kulia hapa."

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Mama Mkaa mwenyewe alikuwa akipikia gesi.

Mwaka uliopita mjukuu wake, aliyekuwa akilelewa kwake, alibanwa kifua hadi midomo ikabadilika rangi. Hospitalini muuguzi aliuliza mnapikia nini, na wapi. Bibi alijibu kwa sauti ndogo, yeye ambaye sauti yake ilisikika hadi barabara ya pili. Wiki hiyo hiyo alinunua mtungi. Alijua wateja wakimwona nao watamkimbia, kwa hiyo uliingia nyumbani ndani ya gunia, mkaa umeufunika kila upande, na kila ulipokwisha ulikwenda kujazwa vivyo hivyo. Mjukuu alipona. Bibi alifurahi, ila raha hakuwa nayo. Akisikia hodi wakati wa kupika, moyo ulimruka.

Jirani yake wa ukuta kwa ukuta alikuwa fundi cherehani, shoga yake wa kufa na kuzikana. Fundi alipikia chumbani, kando ya cherehani, na mwanawe wa mwisho hakukaukiwa na kikohozi.

"Dada, huyu mtoto nimfanyeje?" aliuliza kila alipokuja kununua.

"Vumbi la vitambaa hilo, shoga. Mpe asali," Mama Mkaa alijibu, macho pembeni.

Ilimuuma kusema hivyo. Lakini aliogopa: leo akijua fundi, kesho utajua mtaa, keshokutwa kibanda kimefungwa.

Njia ya mwongo ni fupi. Siku moja mwenye mkokoteni alileta magunia mawili, la fundi na la bibi, akayachanganya: lenye mtungi akalishusha kwa fundi. Haukupita muda fundi akatokea kibandani, viganja vyeusi, mtungi mikononi. Akautua juu ya meza ya kupimia.

"Aa, huo!" Mama Mkaa alicheka kicheko kikavu. "Huo ni wa mkwe wangu, ameniomba tu nimwekee..."

"Dada, usijihangaishe. Tangu lini?"

Kicheko kikaisha. "Tangu mtoto alipolazwa."

Fundi hakupiga kelele. Afadhali angepiga, kelele Mama Mkaa alizijulia.

"Bei ya gesi mimi siiwezi, unajua," fundi alisema polepole. "Ungeniambia, bado ningenunua mkaa kwako. Ningekwenda wapi? Ila ningepikia nje."

Mama Mkaa aliushusha mtungi, akausukuma chini ya meza.

"Nipe gunia langu," fundi alisema. "Sijapika."

Gunia lilikuwa zito. Mama Mkaa alishika upande mmoja amsaidie.

"Acha," fundi alisema, akalikokota peke yake.