Alizima ukaguzi ili programu iwahi, lawama ikamwangukia mfamasia

Saa mbili na nusu asubuhi. Ofisi ina meza sita, feni moja inayolalamika na mwanamke anayebonyeza kitufe, kisha anakunja mikono kungoja. Mistari inapanda kwenye skrini yake taratibu.

"Dakika kumi na tisa," anasema bila kuinua macho. "Zamani zilikuwa nne. Watu walinipigia makofi kwa zile nne."

Wenzake walimwita Chapuchapu. Siku hizi akiitwa hivyo anainama.

Ana miaka thelathini na minne, mtoto mmoja, na kwa miaka saba ameandika programu za hospitali na zahanati. Kila wanapobadilisha kitu, kompaila hugeuza maandishi yao kuwa programu inayofanya kazi. Ikiruhusiwa, huweka na ukaguzi ndani yake, unaopiga kelele wakati wa majaribio namba inapovuka mpaka. Ukaguzi huo hula muda, na ofisini walikuwa na desturi kwamba anayengoja ndiye anayepika chai.

"Tulikunywa chai mpaka matumbo yakacheza," anasema, na kwa mara ya kwanza anacheka. "Bosi akauliza, nyinyi mmeajiriwa kunywa chai? Nikaona huu ukaguzi wa nini, mbona haujalia miezi! Nikauzima."

Programu waliyokuwa wakiibadilisha huchapisha lebo za dawa hospitalini. Ilitengewa nafasi za wagonjwa mia mbili kwa siku. Siku walipofika mia mbili na kumi na moja, waliozidi wakaandikwa juu ya wengine. Fundi cherehani mstaafu, ambaye dozi yake ni kidonge kimoja cha presha kwa siku, akapewa lebo ya vidonge viwili mara tatu. Kesho yake alianguka bafuni. Amepona, ila sasa anatembea na mkongojo.

Hospitali ilimsimamisha kazi mfamasia aliyetoa dawa, ikidai hakusoma vizuri cheti cha daktari.

Chapuchapu alipopata habari aliurudisha ukaguzi. Ulilia papo hapo, ukataja na mstari wenye kosa. Mstari ulikuwa wake.

"Nikanyamaza siku kumi na moja," anasema, mikono imefunika uso. "Nakula, nalala, namsaidia mwanangu hesabu. Mwenzangu yuko kwao anaambiwa hajui kusoma! Nilijichukia, lakini mdomo haukufunguka."

Aliyemfungulia mdomo ni dada yake mkubwa, muuguzi, aliyemsikiliza mpaka mwisho.

"Mdogo wangu, mbona unaniambia mimi?" dada alimjibu. "Mimi nimesimamishwa kazi?"

Asubuhi iliyofuata alimweleza bosi kila kitu. Bosi hakumfukuza. Alisema makofi walipiga wote, kwa hiyo kosa ni la wote.

"Afadhali angenifokea," anasema.

Mfamasia alirudishwa kazini kwa barua ya mistari mitatu iliyotaja hitilafu ya mtambo. Haikusema hitilafu gani wala ya nani.

Wiki iliyopita Chapuchapu alikwenda kwenye dirisha la mfamasia huyo na cheti cha mafua ya mwanawe, akiwa amejiandaa kukiri. Mfamasia, mtu wa makamo mwenye miwani, alisoma lebo kwa sauti. Akairudia. Akairudia tena, kidole kikifuata kila neno, foleni nyuma ikinung'unika.

"Samahani, mama," alimwambia. "Niliwahi kukosea mara moja. Siku hizi sijiamini."

Chapuchapu alipokea dawa, akasema asante na kuondoka. Anasema hakumbuki alivyofika nyumbani.

Jumamosi hii anarudi, safari hii bila cheti. Amemwomba dada yake amsindikize hadi getini tu.

"Akitaka kunitukana, anitukane mbele ya foleni nzima," anasema. "Lakini asikie kwa mdomo wangu kwamba yeye hakukosea."