Kikombe cha Bibi Hesabu

Kabla mwanafunzi yeyote hajabisha hodi, Bibi Hesabu alikuwa amekwisha kuvihesabu vijiko mara mbili. Vilikuwa kumi na vinne. Baada ya somo angevihesabu tena, mbele ya macho ya watu, bila haya wala kuomba radhi, na hapo ndipo jina lake lilipotoka. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye vyeti; mtaa mzima ulimjua kwa hesabu zake za vijiko, sindano, mikasi na mayai.

Kwa miaka ishirini na minane alikuwa mpishi katika bweni la wanafunzi wa uuguzi, na miaka hiyo ilimfundisha mambo mawili: kuoka, na kutomwamini mtu anayeingia jikoni akitabasamu. Alipostaafu aliigeuza sebule yake kuwa darasa la wanaoanza. Kila Jumamosi mchana, saa ya kwanza ilikuwa ya kazi za mikono: maua ya karatasi, visanduku vya kukunja vya kutilia zawadi, vitambaa vya meza vilivyoungwa kwa vipande vya nguo kuukuu. Saa ya pili ilikuwa ya kuoka biskuti, mikate midogo na keki ya kawaida isiyo na mbwembwe. Wanafunzi walikuwa sita, nao walimwita Mwalimu. Neno hilo lilimwingia moyoni kuliko alivyokubali kuonyesha, kwa maana bwenini, miaka yote ile, aliitwa "mama wa jikoni" tu.

Mezani pake hapakuwa na mizani. Mizani ilikuwa ya bweni, na ilibaki bwenini. Nyumbani alipimia kikombe kimoja cha bati kilichotundikwa msumarini kando ya jiko, ambacho marehemu mumewe, fundi bati, alimtengenezea mwaka waliooana. Hakuna aliyekigusa bila idhini. "Unga vikombe viwili," alikuwa akiwaimbisha wanafunzi, "sukari kikombe kimoja, mayai matatu, maziwa robo tatu ya bilauri." Kisha angeongeza, kidole kikiwa juu: "Sifichi kitu. Nilichonacho mimi ndicho mnachokipata nyinyi."

Kati ya wale sita alikuwamo mwanamume mmoja, fundi saa mwenye kibanda karibu na duka la mikate, na huyo Bibi Hesabu alimtilia shaka tangu siku ya kwanza. Mwanamume mzima wa makamo, mwenye kazi yake, anatafuta nini kwenye darasa la keki? Alidai kwamba mkewe alikatazwa na daktari kusimama muda mrefu jikoni. Maneno hayo yangeweza kusemwa na mtu yeyote. Tena visanduku vyake vya karatasi vilikuwa na kona kali kama za wembe, vizuri kuliko vya Mwalimu mwenyewe, naye akijiita mwanafunzi anayeanza! Bibi Hesabu hakuhitaji kuambiwa zaidi. Mwenye duka la mikate alikuwa amemtuma mtu aje kuiba kipimo chake.

Jumamosi moja nesi, mwanafunzi wake wa zamani kuliko wote, aliingia na keki iliyofungwa kwenye kitambaa. Aliiweka mezani, na meza ikaitika.

"Mwalimu, hii ni ya tatu," alisema. "Ile ya kwanza mume wangu ameiweka mlangoni, inazuia upepo."

Darasa likaangua kicheko. Bibi Hesabu hakucheka.

"Ulipima vizuri?"

"Kama ulivyosema. Vikombe viwili, mayai matatu, na yote mengine."

"Basi jiko lako lina matatizo."

"Na langu pia?" akadakia mshona nguo aliyekaa dirishani. "Na la jirani yangu? Mwalimu, hapa kwako keki inaumuka mpaka inataka kuongea. Kwetu ni matofali. Watoto wameniuliza kama tunajenga."

Nesi alikunja kitambaa chake polepole, kama mtu anayetafuta neno lisiloumiza, halafu akalikosa. "Samahani, Mwalimu. Sisi tumeshaongea. Kuna kitu unatubania."

Katika maisha yake Bibi Hesabu alikuwa amewashuku watu wengi, lakini hakukumbuka siku ambayo mtu alimshuku yeye. Maneno yale hayakuwa ya nesi. Nesi ametiwa maneno kinywani. Akageuka kumtafuta aliyeyatia, na macho yake yakamkuta fundi saa amesimama kando ya jiko, kikombe cha bati mkononi, akikigonga kitako kwa ukucha huku amekisogeza sikioni.

"Fundi! Kikombe hicho si saa."

"Najua, Mwalimu. Saa ingekuwa imeshanijibu."

"Kirudishe msumarini."

Alikirudisha kwa adabu, lakini alikitazama tena mara mbili kabla ya kwenda kukaa, na Bibi Hesabu alizihesabu mara hizo.

Walipoaga, nesi alikuwa wa mwisho. "Jumamosi ijayo usituwekee viti, Mwalimu," alisema, akitazama chini. "Ukiamua kutuambia kilichobaki, tuite, tutakuja mbio."

Bibi Hesabu alivihesabu vijiko. Vilikuwa kumi na vinne, na ilimkera kidogo kwamba hakuna kilichopungua.

Siku mbili zilizofuata hakula vizuri. Alirudia kipimo kile kichwani kama mtu anayetafuta ufunguo mifukoni, na kila mara hakuona alichoficha. Jumatatu alipochungulia dirishani alimwona mkwe wake, mke wa mwanawe aliyeishi naye, amesimama kwenye lango la nyuma akinong'onezana na fundi saa. Wote wawili walinyamaza mbwa wa jirani alipobweka. Watu wanaozungumza mambo ya heri, aliwaza Bibi Hesabu, hawashtuliwi na mbwa.

Jumatano asubuhi msumari ulikuwa mtupu.

Alisimama mbele yake kwa muda, mkono ukiwa bado umeinuliwa. Kisha akaenda kumkuta mkwe wake akianika nguo.

"Kikombe kiko wapi?"

"Kipo, Mama."

"Kipo wapi?"

"Kipo salama. Nipe mpaka jioni tu, Mama, nitakueleza."

"Jioni ya nini? Mimi nimeuliza asubuhi."

Mkwe alibana kibanio kwenye shati, akabana cha pili pasipohitajika kibanio. "Mama, ukijua sasa hivi utakasirika. Jioni utafurahi."

"Nitachagua mwenyewe," alisema Bibi Hesabu, akajitanda mtandio na kutoka.

Njia nzima alipanga mashtaka yake. Kwanza kikombe cha marehemu. Pili wanafunzi waliokimbizwa. Tatu mke wa mwanawe aliyerubuniwa ndani ya nyumba yake mwenyewe. Alipopita mbele ya duka la mikate, mwenye duka alimpungia mkono kwa furaha, na tabasamu lile aliliongeza kwenye orodha kama ushahidi wa nne.

Kibanda cha fundi saa kilikuwa na upana wa mlango na kina cha kitanda. Ukutani saa thelathini zilisema nyakati thelathini. Juu ya kitambaa cheusi, katikati ya magurudumu madogo na koleo, kikombe cha bati kilikuwa kimelazwa kifudifudi, na fundi alikuwa amekiinamia, lenzi jichoni. Nyuma yake, miguu imeinuliwa juu ya kigoda, alikaa mwanamke aliyevimba vifundo, akimenya karanga kwenye sahani.

"Kwa hiyo ni kweli una mke," alisema Bibi Hesabu. Halikuwa neno alilokuja nalo.

"Karibu, Mwalimu," alisema yule mwanamke. "Visanduku vyako anavileta vyote hapa. Keki ndiyo bado haijaja yenye kulika."

Fundi aliitoa lenzi. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekutwa, na Bibi Hesabu aliufurahia kwa kitambo kidogo.

"Umeiba kikombe changu."

"Nimeazimwa. Mkwe wako ameniletea. Amechoka kukuona huli, na anaapa kwamba huna unachoficha. Mimi nilimwambia, basi kinachoficha ni kikombe."

"Kikombe kifiche nini? Kikombe kina mdomo na kitako."

"Mdomo mmoja," alisema fundi, "na vitako viwili."

Bibi Hesabu alimkazia macho. Fundi hakubishana naye. Alikigeuza kikombe, akakijaza maji kutoka kwenye jagi mpaka ukingoni, kisha akachukua kikombe cha kawaida alichonywea chai yake, akayamimina maji yote humo. Maji yakaacha nafasi ya upana wa kidole gumba.

"Kikombe chako cha chai ni kikubwa," alisema Bibi Hesabu papo hapo.

"Nilijua utasema hivyo." Alichukua kingine, cha mkewe. Akachukua cha tatu kutoka kwa muuza magazeti wa jirani. Katika kila kimoja maji yaliacha nafasi ileile, kama robo. Kisha akakigeuza kile cha bati na kukigonga, kwanza ubavuni, halafu kitakoni. Kitakoni kililia kama kisanduku kitupu. "Nje kina kitako, ndani kina kingine, katikati hewa. Aliyelehemu hapa alijua kazi yake. Huoni hata mshono. Nimehangaika tangu alfajiri kuutafuta."

"Alikuwa mume wangu," alisema Bibi Hesabu, na akatafuta mahali pa kukaa.

Mke wa fundi alishusha miguu, akamsogezea kigoda.

Sasa alikumbuka yote, na kukumbuka huko hakukumpendeza. Mwaka mmoja kabla ya kufariki, mumewe alikichukua kikombe kwa kuwa kitako kililiwa na kutu na unga ulipita. Alikirudisha kinang'aa, akasema, "Sasa hakivuji," akaenda zake; kumbe kitako cha zamani hakukitoa, alikiongezea kipya kwa ndani. Wiki ileile keki zake zikaanza kuwa laini mno, zikikaa chini katikati kama godoro bovu. Na yeye alifanya nini? Alimshuku muuza unga. Alisadiki kwamba anachanganya unga na kitu, akamsema mbele ya wateja, akahama duka. Keki zilipoendelea kulegea alishuku kuku kwamba wanataga mayai makubwa kupita kiasi, akapunguza mayai manne yakawa matatu. Akamshuku muuza maziwa kwamba anatia maji, bilauri nzima ikawa robo tatu. Hatimaye keki zikakaa sawa, naye akajipongeza kwa kuwashinda wezi watatu. Miaka kumi na mmoja alitumia, na kisha akafundisha, kipimo kilichokatwa kulingana na kikombe kimoja duniani.

"Kwa hiyo wao kwao wanatia unga mwingi," alisema taratibu.

"Mwingi kwa robo nzima. Na yai moja limepungua, na maziwa yamepungua. Lazima yawe matofali."

Bibi Hesabu alikivuta kikombe kwake. Halafu akasema, "Wamesema nawabania."

"Walikosea."

"Hawakukosea sana." Alinyanyuka, akakitia kikombe kwapani. Mlangoni aligeuka. "Ulipokuwa ukikitazamatazama pale kwangu, kwa nini hukusema?"

"Ningesema, Mwalimu, ungeniuliza nani kanituma."



Ijumaa alikwenda kwenye duka la unga ambalo hakulikanyaga kwa miaka kumi na mmoja. Muuza unga, nywele zimekuwa nyeupe, alimtazama kama mtu anayemtazama mkaguzi.

"Kilo mbili," alisema Bibi Hesabu.

"Wewe? Kwangu? Umetumwa na nani?"

Swali hilo alikuwa amewauliza watu maisha yake yote, lakini hakuwahi kulisikia kutoka upande huu. Akamweleza habari ya kikombe, yote, kwa sauti, mbele ya wateja wawili waliokuwapo, kwa kuwa alipomsema zamani wateja pia walikuwapo. Muuza unga alisikiliza mpaka mwisho. Aliupima unga, kisha akaupima tena ili mama huyo aone kwa macho yake. Hakusema amemsamehe. Aliufunga mfuko kwa mafundo mawili.

Jumamosi viti sita vilipangwa. Mkwe alikuwa amepita kwa kila mwanafunzi na ujumbe mmoja: njoo na kikombe chako cha nyumbani. Walikuja wote, vikombe mikononi, nyuso zikiwa na tahadhari kama za watu walioitwa kutoa ushahidi. Bibi Hesabu hakuwakaribisha chai. Alisimama mbele ya meza, kikombe cha bati mbele yake na jagi la maji kando.

"Niliwaambia sifichi kitu," alisema. "Nilikuwa nasema kweli, na nilichowafundisha hakikuwa sawa. Tazameni." Akamimina maji, kama alivyomiminiwa, akawaeleza kuhusu vitako viwili. Habari ya muuza unga, kuku na muuza maziwa hakuiruka, ingawa hapo sauti yake ilipungua. "Keki zenu hazikuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu."

Nesi alikuwa wa kwanza kuuliza. "Mwalimu, na ile inayozuia mlango?"

"Iache mlangoni," alisema Bibi Hesabu. "Inafanya kazi."

Walicheka, na safari hii alicheka nao. Lakini hakukubali mtu aguse unga kwanza. Alivipanga vikombe vyote vya wanafunzi kwa mstari, akavipima kimoja kimoja kwa maji, akivigonga vitako na kuvisogeza sikioni. Cha mshona nguo alikikataa kwa kuwa kilizidi kidogo; mwenyewe alilalamika kuwa ni zawadi ya harusi. "Zawadi ndizo za kuogopwa zaidi," alijibu Bibi Hesabu. Kisha akawaimbisha kipimo kipya, ambacho ndicho kilichokuwa cha zamani: vikombe viwili, mayai manne, maziwa bilauri nzima. Kila mmoja akapima kwa kikombe chake, mshona nguo kwa cha nesi, na keki zilipotoka jikoni hakuna iliyolia ilipowekwa mezani. Nesi aliibonyeza yake kwa kidole, ikainuka tena, akaibonyeza mara ya pili kwa kuwa hakuamini.

Kikombe cha bati kilirudi msumarini, na wote waliambiwa kwamba tangu siku hiyo hakipimi kitu.

Walipoanza kuaga, fundi saa amebeba keki yake ndani ya kisanduku chenye kona kali, Bibi Hesabu aliketi kuvihesabu vijiko. Alivihesabu mara moja, akasita, akavihesabu tena.

"Hakuna anayetoka," alisema.

"Kimepungua, Mama?" aliuliza mkwe.

"Vimekuwa kumi na vitano." Akawatazama mmoja baada ya mwingine, akaanza na fundi saa. "Nani kaleta kijiko nyumbani kwangu, na anataka nini?"